Nakala ya Akiba: Orodha Ikipotea, Tutaipata Tena?



Wengi wetu tunajua uchungu wa karatasi kupotea. Mimi nilikimbia nikaacha cheti changu cha shule nyumbani. Nyumba ilichomwa, na nakala niliyokuwa nayo ilikuwa humo humo ndani. Mpaka leo sina cha kuonyesha kwamba nilimaliza sekondari.

Siku hizi orodha nyingi hazikai tena kwenye daftari. Zinawekwa "winguni". Maana yake si angani, bali kwenye kompyuta za kampuni iliyo mbali, ambazo mtu anazifikia kwa intaneti. Vijana wanaojifunza kompyuta wataombwa kutunza hivyo orodha za wanafunzi na za vikundi vya akiba. Kwa hiyo ni vizuri tuelewe mambo yafuatayo.

Nakala inatunzwaje?
Baadhi ya huduma hupiga nakala ya data kila siku. Kwa mfano, katika huduma ya Amazon iitwayo RDS, mwenye data huchagua nakala hizo zikae siku ngapi, lakini zisizidi 35. Ndani ya siku hizo anaweza kurudisha data jinsi ilivyokuwa dakika chache kabla ya kosa. Kosa likigunduliwa siku ya 40, amechelewa. Anayetaka nakala ya kukaa zaidi lazima aagize mwenyewe ipigwe, na hiyo hubaki mpaka aifute.

Inarejeshwaje?
Katika RDS, data iliyorejeshwa haiwekwi juu ya ile ya zamani. Inafunguliwa hifadhi mpya pembeni. Kwanza unaikagua, halafu ndipo unawahamishia watumiaji huko.

Je, kuwa na nakala kunatosha?
Hapana. Tarehe 31 Januari 2017, mfanyakazi wa kampuni ya GitLab alifuta data kwa bahati mbaya. Walipotafuta nakala za akiba, waligundua kwamba njia kadhaa walizozitegemea hazikuwa zikifanya kazi. Waliokolewa na nakala iliyopigwa kiasi cha masaa 6 kabla, kwa ajili ya kazi nyingine. Yaliyoandikwa katika masaa hayo yalipotea.

Tarehe 10 Machi 2021, jengo la kompyuta la kampuni ya OVHcloud liliungua mjini Strasbourg, Ufaransa. Wateja ambao nakala zao zilikuwa hapo hapo walipoteza data pamoja na nakala. Ni kama cheti changu.

Mambo ya kukumbuka:

1. Uliza nakala zinakaa siku ngapi. Usikisie.

2. Weka nakala moja mahali pengine, mbali na ile ya kwanza.

3. Jaribu kurejesha kila mwezi, kabla ya shida. Hesabu majina: kama yalikuwa 200, yarudi 200. Nakala ambayo haijajaribiwa ni matumaini tu.

4. Linda nakala kama unavyolinda orodha yenyewe. Wapo kati yetu wanaotafutwa na watu waliowakimbia. Majina yao yasiangukie mikono mibaya.

Ndugu zangu, jina likifutika kwenye orodha, mwenye kuumia si kompyuta. Ni mama aliyesimama kwenye mstari tangu alfajiri, akaambiwa hayupo.

Mwenye swali amwone mfanyakazi wa jamii wa mtaa wake.