Hiyo Saa Iliyo Kwenye Ujumbe wa Malipo Hutoka Wapi?

Fungua ujumbe wowote wa malipo ulio kwenye simu yako. Utaona kiasi, jina la uliyemlipa, nambari ya muamala, kisha tarehe na saa. Wengi wetu husoma jina na kiasi, tukiridhika tunarudisha simu mfukoni. Saa hatuna shughuli nayo, mpaka siku ubishi uzuke. Mwenye duka anasema hiyo mia tatu ni ya unga wa jana, wewe unasema ni ya leo. Ama simu imeibwa, ukapiga ripoti laini ifungwe, na kuna pesa zilizotoka dakika hizo hizo. Zilitoka kabla ya ripoti yako ama baada? Hapo kila mtu anaitazama saa.

Swali tunaloulizwa ni hili: hiyo saa ni ya simu yangu ama ni yenu? Ni yetu. Hata simu yako ikiwa inaonyesha mwaka 2015, ndani ya ujumbe utaona saa sahihi, kwa sababu huandikwa na seva zinazopitisha malipo. Kwenye seva zenyewe kwa kawaida muda huhifadhiwa kwa saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa 3. Malipo ya 8:15 AM, yaani saa mbili na robo, yanaandikwa 05:15, kisha yanageuzwa kuwa saa ya Kenya kabla ujumbe haujatumwa.

Lakini seva nayo ni kompyuta tu, na saa ya kompyuta huteleza. Ndani yake kuna kipande cha kioo cha kwatzi kinachotetemeka, na mitetemo ndiyo huhesabiwa kuwa sekunde. Joto likipanda, mwendo unabadilika. Kioo kikizeeka, mwendo unabadilika. Kupotea sekunde moja kwa siku si ajabu. Kwa saa ya ukutani hiyo si kitu. Kwa seva mbili, moja inayopokea ripoti ya simu iliyoibwa na nyingine inayotoa pesa, tofauti ya sekunde 3 inaweza kufanya jambo la pili lionekane limetangulia la kwanza.

Programu inayozuia hilo ni ya zamani kuliko wengi wanaosoma makala hii. Inaitwa ntpd. NTP ni itifaki ya muda ya mtandao, na ile "d" ya mwisho ni dimoni. Usishtuke, haina uhusiano na majini. Wahandisi wa kompyuta huko MIT, Marekani, walianza kulitumia neno hilo miaka ya 1960 kwa programu inayofanya kazi chinichini bila mtu kuibonyeza. Mashine ikiwashwa, dimoni inaamka, inakaa kimya, inafanya kazi yake mpaka mashine izimwe.

Kazi ya ntpd ni kuuliza "saa ngapi?" kila baada ya muda, kwa seva zilizo na saa bora kuliko yake. Si rahisi kama inavyosikika, kwa sababu jibu huchelewa njiani. Ukimpigia mtu simu na laini iwe mbaya, akikuambia "sa hii ni saa nne kamili," wakati unasikia si saa nne kamili tena. Kwa hiyo kila swali hubeba nyakati nne: lilipotoka, lilipofika, jibu lilipotoka, jibu lilipofika. Kutokana na hizo nne programu hukadiria safari ilichukua muda gani na kutoa kiasi hicho. Tena haimwamini mmoja. Inauliza seva kadhaa, inalinganisha, na ile ambayo jibu lake haliingiani na za wenzake inawekwa kando.

Ikigundua kwamba saa imekosea kidogo, hairukishi mshale. Inaikimbiza ama kuipunguza mwendo, isizidi nusu ya milisekunde kwa kila sekunde. Kwa mwendo huo, kurekebisha sekunde moja nzima kungechukua zaidi ya nusu saa. Sababu ni kwamba saa ikirudi nyuma ghafla, malipo yaliyofanyika baadaye yataandikwa kuwa ya mapema. Programu hukubali kuruka pale tu kosa linapozidi milisekunde 128. Na kosa likizidi sekunde 1,000, kama dakika 17, ntpd inakataa kabisa na kujizima, ili binadamu aje aangalie kuna nini. Ni mpaka iwe imeruhusiwa wakati wa kuwashwa ndio itakubali kuruka umbali huo. Sisi tunaipenda sana tabia hiyo. Programu nyingi zikichanganyikiwa huendelea tu kama kwamba hakuna kitu.

Aliyeianzisha NTP ni David Mills, profesa wa Chuo Kikuu cha Delaware, na maelezo rasmi ya kwanza yalitoka Septemba 1985. Mills alizaliwa na ugonjwa wa macho, na miaka ya mwisho alikuwa haoni. Alifariki Januari 2024 akiwa na miaka 85. Msimbo wa programu yenyewe ulikuwa umeshapita kwa wengine muda mrefu, hasa Harlan Stenn wa Oregon na wenzake wachache wa kujitolea. Miaka mingi waliifanya kazi hiyo kwa malipo madogo ama bila malipo, huku benki, kampuni za simu na viwanja vya ndege vikiitegemea.

Ikiwa programu imekuwa ikifanya kazi tangu 1985, ni nini cha kutunza? Chukua mfano wa FreeBSD, mfumo endeshi wa msimbo huria uliotoka 1993. Huria maana yake yeyote anaweza kusoma msimbo wake, kuubadilisha na kuutumia bure. Huenda hujausikia, ila video za Netflix husambazwa na seva zinazoendeshwa kwa FreeBSD. Mfumo huu huja na ntpd ndani yake. Watu wa FreeBSD hawakuiandika. Wanachukua toleo jipya kutoka kwa wenyewe, wanalioanisha na mfumo wao, wanalijaribu, na likiharibika usiku ni wao wanaamshwa.

Sehemu kubwa ya kazi hiyo ni ya kuchosha. Kuna faili ndogo inayoorodhesha sekunde za nyongeza. Dunia haizunguki sawasawa, kwa hiyo tangu 1972 saa ya kimataifa imeongezewa sekunde mara 27, ya mwisho ikiwa Desemba 31, 2016. Faili hiyo ina tarehe ya kuisha. Hata kama hakuna sekunde mpya iliyoongezwa, lazima iletwe nyingine inayosema tu kwamba hakuna jipya. Ni kama leseni ya biashara: duka halijabadilika, lakini karatasi lazima ifanywe upya.

Halafu kuna siku ambazo si za kuchosha. ntpd ilikuwa na amri ya zamani iitwayo monlist, iliyowekwa ili msimamizi aweze kuona mashine gani zimekuja kuuliza saa. Ukiiuliza, inakutajia hadi anwani 600 za mwisho. Miaka ya kuaminiana hilo halikuwa na ubaya. Mwishoni mwa 2013 wahuni wa mtandao wakagundua ujanja: unatuma swali dogo kwa seva ya saa, ila unaandika anwani ya mtu mwingine kama mwulizaji. Jibu, kubwa mara zaidi ya 200 kuliko swali, linamwangukia yule mtu. Fanya hivyo kwa maelfu ya seva kwa wakati mmoja na utaweza kuzamisha mtandao wa kampuni nzima. Februari 2014 kampuni ya Cloudflare ilieleza shambulizi la aina hiyo lililofikia karibu gigabiti 400 kwa sekunde.

Kinachouma ni kwamba amri hiyo ilikuwa imeshaondolewa mwaka 2010, lakini kwenye toleo la majaribio pekee. Toleo rasmi, ambalo watu wa kawaida hutumia, lilikuwa bado nayo. Kutoa toleo rasmi ni kazi: kujaribu kwenye mifumo mingi, kuandika maelezo, kujibu malalamiko. Watu walikuwa wachache. Dawa ilikuwa kabatini karibu miaka minne. FreeBSD hawakungoja. Januari 2014 walitoa kiraka chao na kuwaeleza watumiaji jinsi ya kuifunga hiyo amri.

Desemba mwaka huo ikaja nyingine. Watafiti wa Google walikuta udhaifu ambao ungemwezesha mtu, kwa kutuma pakiti moja tu iliyotengenezwa kwa hila, kuingiza msimbo wake kwenye mashine iliyo na ntpd. Toleo la kurekebisha lilitoka, Apple ikasukuma sasisho kwenye kompyuta za Mac bila kumngoja mtumiaji akubali, jambo ambalo haikuwa imewahi kufanya, na FreeBSD wakatoa kiraka chao Desemba 23. Wakati huku watu wanapanda matatu kwenda ocha kwa Krismasi, kuna watu mahali walikuwa wanasoma msimbo wa miaka 20 mstari kwa mstari.

Baada ya kiraka huja kazi isiyoonekana, ya kupunguza madhara ya siku ijayo. Zamani ntpd ilikuwa ikiendeshwa kwa mamlaka yote ya mashine, kwa sababu kubadilisha saa kunahitaji ruhusa kubwa. Aliyeivunja amevunja kila kitu. Kuanzia FreeBSD 12 ya mwaka 2018, inaweza kuendeshwa kama mtumiaji mdogo aliyepewa ruhusa moja tu, kugusa saa. Ni sawa na kumpa kijana wa duka ufunguo wa stoo bila kumpa wa sefu.

Mbona wasiitupe tu na kuandika mpya? Wengine wamefanya hivyo. OpenBSD, ndugu wa FreeBSD, waliandika yao mwaka 2004, fupi kwa makusudi. Mwaka 2015 kundi jingine lilichukua msimbo wa ntpd likaanza kukata lisichohitaji, likauita NTPsec, na Debian ikahamia huo katika toleo lake la 2023. Maoni yetu ni kwamba kuandika upya si dawa ya kila kitu. Programu mpya nayo ina makosa yake ambayo bado hayajajulikana. Lakini ile amri ya monlist inaonyesha jambo ambalo hatuna shaka nalo: kitu ambacho hakuna anayekitumia kisiachwe kwenye programu eti kwa sababu hakisumbui mtu.

Pesa nazo zilikuja, kwa kuchelewa. Mwaka 2014, baada ya kasoro maarufu ya Heartbleed kutikisa intaneti, Linux Foundation ilianzisha mfuko wa kampuni kubwa kusaidia miradi ambayo kila mtu anaitegemea na hakuna anayeilipia. NTP ilikuwa kati ya ya kwanza kusaidiwa. Na bado kuna kazi. NTP huhesabu sekunde kuanzia Januari 1, 1900, na nafasi iliyotengewa hesabu hiyo itajaa na kurudi sifuri Februari 7, 2036, saa tatu na dakika 28 asubuhi kwa saa za Kenya. Programu zilizosasishwa zinajua kuvuka hapo. Vifaa vya zamani ambavyo havijaguswa tangu vinunuliwe ndivyo vya kuogopa.

Na simu yako? Simu za kisasa nazo huchukua saa kwa mtandao wa simu ama kwa NTP, mradi uziruhusu. Nenda kwenye mipangilio, sehemu ya tarehe na saa, uhakikishe imewekwa ijipange yenyewe. Visa vingi vya "app imekataa kufungua" vinaanzia hapo. Mtoto amerudisha tarehe nyuma ama kuisukuma mbele ili apate nafasi zaidi kwenye gemu, kisha akasahau. App ya malipo hukagua cheti cha seva kabla ya kutuma chochote, na cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Simu ikidhani ni mwaka jana, itaona cheti hakijaanza kutumika na kukataa kuunganisha. Zile nambari za siri zinazotolewa na app na kubadilika kila sekunde 30 nazo hutegemea saa ya simu. Ikiwa mbele dakika tano, zitakataliwa kila mara, hata ungeziandika sawasawa.

Ukiwa na ubishi wa malipo, usitumie saa ambayo simu inaonyesha kuwa ujumbe uliingia. Mtandao ukisumbua, ujumbe unaweza kuingia nusu saa baadaye. Soma saa iliyoandikwa ndani ya ujumbe, pamoja na nambari ya muamala. Na ujumbe wa "umepokea" ukiingia kwa laini usiyoijua, usihesabu saa wala kiasi, angalia salio lako kwanza, maana saa mtu yeyote anaweza kuichapa. Ukiona saa ya ndani ya ujumbe haiendani kabisa na wakati uliolipa, wasiliana na huduma kwa wateja ukitaja nambari ya muamala. PIN hatutakuuliza.