Umeme Unapokatika: Jinsi Kompyuta Inavyoyanusuru Mafaili

Mkazi wa Buguruni, jijini Dar es Salaam, anayechapiwa barua ya maombi ya kazi katika duka la steshenari karibu na Malapa, huamini kuwa kitufe cha kuhifadhi kikishabonyezwa kazi imekwisha. Umeme ukikatika sekunde moja baadaye, huenda barua hiyo isipatikane tena.

Sababu ni kwamba maandishi hukaa kwanza katika kumbukumbu ya muda, ambayo hufutika umeme unapokatika, kisha hupelekwa kwenye diski kwa mafungu. Katika mfumo wa ext4 wa Linux, kwa mpangilio wa kawaida, mabadiliko ya orodha za mafaili huthibitishwa kila baada ya sekunde 5. Maandishi yenyewe yaweza kusubiri zaidi.

Hasara ya barua moja si kitu ikilinganishwa na hatari nyingine. Kuhifadhi faili moja hugusa sehemu kadhaa za diski: orodha ya majina, ukubwa wa faili na ramani ya nafasi zilizo wazi. Kazi ikikatizwa katikati, nafasi moja yaweza kuhesabiwa kuwa ya mafaili mawili, na hata nyaraka za miaka iliyopita zikaharibika.

Ndiyo maana NTFS ya Windows, iliyotoka mwaka 1993, na ext3, iliyoingizwa katika Linux mwaka 2001, hutunza daftari maalumu ndani ya diski. Mfumo huandika humo kwanza kile unachokusudia kubadili, huweka alama ya uthibitisho, ndipo hubadili orodha zenyewe. Kama mfanyabiashara wa sokoni anayeandika katika daftari la siku kabla ya kuhamishia hesabu kwenye leja. Umeme ukirudi, mfumo husoma daftari: lenye alama hukamilishwa, lisilo na alama huachwa.

Hata hivyo, kwa kawaida daftari hilo hulinda mpangilio wa diski, si kila neno lililoandikwa. Isitoshe, baadhi ya diski hutoa jibu kuwa zimeandika ilhali data bado imo katika kumbukumbu yao ya ndani.

Flashi nyingi, ambazo ndizo hubeba vyeti na wasifu wa waombaji kazi, hutumia FAT32 au exFAT, mifumo isiyo na daftari hilo. Mwenye flashi anashauriwa kuagiza kompyuta iitoe kwa usalama, na kusubiri ithibitishe, kabla ya kuichomoa.