Ufuta wa Kibiti: Bei ya kilimo hai hulindwa mpakani na ghalani

MKULIMA wa ufuta wilayani Kibiti anayetaka bei ya kilimo hai ana majirani wawili wa kuwafikiria: anayepulizia dawa za viwandani leo, na atakayepanda mbegu zilizobadilishwa vinasaba (GMO) kesho, zikiruhusiwa.

Huyo wa pili bado hajafika. Mahindi ya GMO yalianza kujaribiwa Makutupora, Dodoma, mwaka 2016. Novemba 2018 Serikali iliagiza majaribio yasitishwe, na Januari 2021 ikatangaza tena kuyafuta. Kenya ilifuata njia nyingine: iliidhinisha pamba ya GMO mwaka 2019.

Mazao hayana hatari sawa. Mahindi huchavushwa kwa upepo, hivyo mashamba yanayopakana huchanganyika kwa urahisi. Mpunga wa bonde la Rufiji na ufuta hujichavusha vyenyewe kwa kiasi kikubwa. Huchanganyika zaidi kwenye magunia, mashine na maghala.

Kwa sasa adui wa karibu ni dawa. Kiwango cha kilimo hai cha Afrika Mashariki cha mwaka 2007 kinakataa GMO na dawa za viwandani pia. Japani na Ulaya, kwa dawa isiyowekewa kiwango maalumu, haziruhusu mabaki kuzidi miligramu 0.01 kwa kilo. Ufuta ukiwa bado unakaushwa shambani huku mikorosho ya jirani imeanza kupuliziwa, upepo mmoja waweza kuharibu soko. Bomba la kuazima lisilooshwa nalo ni hatari.

Kisha lipo ghala. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, ufuta wa wakulima wengi hukusanywa na kuuzwa pamoja mnadani. Ufuta wa kilimo hai ukichanganywa humo unakuwa ufuta wa kawaida, na mkulima anapoteza bei ya ziada baada ya kugharimia palizi na ukaguzi.

Gharama hizi zisiachwe kwa mkulima mmoja. Vyama vya msingi vinaweza kukubaliana kabla ya msimu: ukanda wa kuachwa mpakani, taarifa kabla ya kupulizia, bomba la peke yake, magunia yenye alama, sehemu yake ghalani na mnada wake.

Kijiji kinachozoea utaratibu huo sasa hakitaanza upya siku GMO ikiruhusiwa. Kisichouzoea kitagombana mpakani wakati mnunuzi ameshaondoka.