Mdudu Arithiye Sumu kwa Mamaye

Yule mdudu mwembamba, mwekundu na mweusi, ajaye kwenye taa usiku, aitwaye Nairobi flai, si nzi bali ni mbawakawa. Hupenda ardhi yenye majimaji, kama ya mashamba ya mpunga ya Garsen, kandokando ya Mto Tana. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilizidisha wadudu hawa Kenya, na watu wengi wakaungua ngozi.

Mdudu huyu haumi wala hana mwiba. Sumu yake imo katika damu. Hutengenezwa na bakteria waishio ndani ya majike wengi, nao huitia katika mayai yao. Basi buu akianguliwa, huwa amekwisha kupata silaha. Buibui akimkamata huionja sumu, akamwacha.

Nasi sumu hiyo hutudhuru mdudu akipondwa. Akikutua mwilini, usimpige. Mpulize aende zake. Ukimponda, osha mahali hapo upesi kwa maji na sabuni, wala usiguse macho. Malengelenge huweza kutokea kesho yake.

Wala msimwangamize shambani. Yeye na watoto wake hula wadudu wadogo waharibuo mazao yenu.