Una baridi yabisi? Chunguza krimu unayopaka
Kama unatumia prednisoloni au methotreksati kwa ajili ya baridi yabisi, usishangae fangasi wa ngozi wakikuandama. Dawa hizo hupunguza kinga ya mwili, na mikono iliyokakamaa hushindwa kukausha vizuri kati ya vidole vya miguu, kinenani na chini ya matiti. Omba usaidiwe, si aibu.

Kinachowaponza wengi ni krimu ya mchanganyiko ya dukani. Ikiwa na steroidi, muwasho hutulia siku mbili tatu, choa hupoteza umbo lake la duara, kumbe fangasi wanazidi kusambaa. Omba klotrimazoli tupu, uendelee kupaka wiki mbili baada ya ngozi kupona. Vidonge vya viungo usiviache bila kumwuliza daktari.