Je, Wajua? Barakoa ya Kooni Huingia kwa Njia ya Tonge

Watu wengi wakisikia mgonjwa kapigwa nusu kaputi, mawazo yao yanaishia kwenye sindano: dawa imeingia, mtu kalala, sasa daktari apasue. Sifa zote baadaye ni za mpasuaji. Mtu wa usingizi aliyekaa kichwani pa mgonjwa akichunga pumzi hatajwi kabisa, ilhali dawa ile ile inayomlaza mgonjwa ndiyo inayolegeza taya na ulimi, ulimi ukarudi nyuma na kuziba njia ya hewa. Hapo zinabaki dakika chache tu kabla ubongo haujaanza kuharibika.

Mrija wa kupitisha hadi ndani ya koo la hewa wengi wameusikia, kwa hiyo nauacha. Ninayemtetea leo ni mdogo wake, barakoa ya kooni, ambayo watu wa usingizi huiita LMA. Ni mrija mnene wa silikoni wenye kikombe bapa mwishoni, na ukingo wa kikombe hicho ni mto unaojazwa upepo kwa bomba la sindano. Haipiti kwenye nyuzi za sauti. Inakaa juu ya zoloto, mdomo wake ukilielekea, na ncha imekita pale umio unapoanzia.

Aliyeibuni ni Mwingereza, Dk. Archie Brain, mwaka 1981. Alichunguza makoo ya maiti kwa kuyamiminia plasta, kisha akachukua barakoa ndogo ya mpira ya Goldman, ambayo wagonjwa wa meno walikuwa wakivalishwa puani, akaiunganisha na mrija. Maelezo yake yalichapishwa 1983, na kifaa kikaanza kuuzwa Uingereza 1988. Uchunguzi mkubwa uliotolewa huko 2011 ulikadiria usingizi kamili milioni 2.9 kwa mwaka, na asilimia 56 ulitolewa kwa vifaa vya jamii hii.

Sasa tuje kwenye mkono. Brain aliona kwamba koo tayari linajua kupokea kitu laini kutoka mdomoni. Tunapomeza, ulimi hulibana tonge juu kwenye kaakaa, halafu hulisukuma nyuma, nalo huteleza na kuzunguka kona ya koo bila kugusa mlango wa hewa. Basi akataka kidole cha shahada kifanye kazi ya ulimi. Kikombe kinanyonywa upepo wote, mgongo wake unapakwa jeli, shingo ya mgonjwa inakunjwa na kichwa kuinuliwa nyuma. Kidole kinakaa pale mrija unapoungana na kikombe, na msukumo unaelekea juu, kwenye kaakaa gumu, kisha unafuata mviringo wake hadi ncha igome. Mkono wa pili unaushika mrija ili kidole kitoke bila kuurudisha. Wakati wa kujaza upepo, mrija unaachwa huru: utauona unapanda nje kidogo wenyewe, na shingo inavimba kwa mbele. Hapo ujue imekaa.

Mkono wa haraka husukuma moja kwa moja kuelekea kooni. Ncha inagonga ukuta wa nyuma, inajikunja, au inakilaza kile kifuniko cha zoloto juu ya mlango wa hewa. Damu kidogo mdomoni, koo linauma siku mbili, na lawama zote zinaangukia kifaa.

Kuna njia nyingine, na hapa wafuasi wa Brain hawapendi kusikia. Wapo wanaoingiza kikombe kikiwa na upepo nusu, ili ncha isiwe kali. Wapo wanaotumia kidole gumba wakiwa wamesimama upande wa mgonjwa. Wapo wanaoingiza mdomo wa kikombe ukitazama kaakaa, halafu wanaugeuza nusu duara ukifika nyuma, au wanapita nao kiubavu kwa robo duara. Kwa watoto, na kwa ile aina ya ProSeal yenye njia ya pili ya kutolea maji ya tumbo, majaribio kadhaa yameonyesha kwamba kugeuza huingiza kwa mara ya kwanza vizuri kuliko kidole. Mimi naona si ajabu: anayegeuza anaikwepa kona ambayo asiye na uzoefu huigonga. Lakini bila dawa ya kutosha hakuna njia itakayokubali. Propofoli hulegeza koo vizuri. Ketamini, ambayo hospitali zetu nyingi za wilaya bado zinaitegemea, huliacha macho na kuongeza mate.

Linaloniudhi zaidi ni utunzaji. Ile ya silikoni imetengenezwa itumike mara 40 na huja na kadi ya kuweka alama kila inaposafishwa. Kadi hupotea wiki ya kwanza. Upepo usipotolewa wote kabla ya kuingia kwenye mashine ya mvuke, mto hupasuka. Wengine huilowesha kwenye glutaraldehidi, ambayo silikoni huinyonya na kumrudishia mgonjwa kooni. Na zile za plastiki za kutumika mara moja zinaoshwa na kurudishwa kabatini, huku namba 1 na 2 za watoto hazipo kabisa.

Mwaka 2007 ilikuja i-gel ya Dk. Muhammed Nasir, isiyojazwa upepo. Wakunga wa Mulago, Kampala, waliijaribu kwa vichanga wasiopumua. Matokeo ya 2020 yalionyesha mikono yao inaiweza salama, ingawa haikupunguza vifo kuliko barakoa ya usoni.

Matumizi mengine: ngiri, tohara ya watoto, upasuaji mfupi wa mkono au mguu, kuokoa pale mrija unapokataa kuingia, kupitishia mrija wenyewe, moyo uliosimama nje ya hospitali. Mwenye tumbo lililojaa haifai kwake, maana haizuii matapishi; ndiyo maana ukiulizwa umekula saa ngapi, useme kweli.