Bekapu ilikuwepo, ufunguo ndio haukuwepo

Leo sina mbinu ya kupata wateja. Naongelea bekapu, maana nusura inilize.

Nauza mchele wa hapa Dakawa kwa oda za mtandaoni, wateja wengi wako Dar. Mfumo wa oda ameuandika mpwa wangu. Unakaa kwenye kompyuta yetu ya nyumbani, na humohumo kafunga GitLab, programu ya kutunzia maandishi yote ya mfumo, ili tusilipie ya mtandaoni kila mwezi. Masika, umeme ukakatika na kurudi mara tatu jioni moja. Diski ikafa.

Sikuogopa, bekapu ilikuwa kwenye diski ya nje. (Bahati tu! GitLab usipoielekeza inaweka bekapu kwenye kompyuta ileile.) Tukapata kompyuta nyingine, tukarudisha, ikagoma. Kumbe toleo la GitLab lazima liwe lilelile lililotengeneza bekapu, hadi namba ya mwisho. Hilo likaisha, namba ipo kwenye jina la faili. Vitu vikarudi, lakini nywila za SMS na malipo tulizohifadhi mle hazisomeki. Bekapu ya GitLab haibebi faili la gitlab-secrets.json, ambalo ndilo lenye ufunguo. Unalinakili mwenyewe, na unaliweke mbali na bekapu. Siku nne kuomba nywila mpya, magunia yamekaa, wateja wawili wakadai hela yao.

Msidhani ni ushamba wetu. Tarehe 31 Januari 2017, mtaalamu wa GitLab wenyewe alifuta kwa bahati mbaya hifadhidata ya tovuti yao. Walikuwa na njia 5 za kujikinga, na hakuna iliyokuwa ikifanya kazi sawasawa. Bekapu zilikuwa zinashindwa kimyakimya, barua pepe za kuwatahadharisha haziwafikii. Kilichowaokoa ni nakala iliyopigwa kama masaa 6 nyuma kwa shughuli nyingine kabisa.

Wewe usiye na GitLab, angalia WhatsApp yako. Kama bekapu umeifunga kwa nywila, ukaisahau na simu ikaibiwa, WhatsApp hawawezi kukufungulia. Oda, madeni, picha za mzigo, vyote mle.

Sasa ufunguo wetu uko kwenye fleshi kwa dada, Morogoro mjini. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi mpwa anarudisha bekapu kwenye laptopu kuukuu, mimi naweka oda ya uongo, kilo tano. Mwezi uliopita iligoma. Diski ya nje ilikuwa imejaa wiki mbili nzima na hakuna aliyejua.